Shabiki Akishalipa, Nani Atasema Ukweli?

Ukiniambia Wanazi walitorokea mwezini 1945 na sasa wanarudi, nitacheka kabla hujamaliza. Hilo ndilo wazo zima la Iron Sky (2012), filamu ya Mfini Timo Vuorensola. Iligharimu takriban yuro milioni 7.5, na karibu milioni moja ilitoka kwa mashabiki: wengine walinunua bidhaa za filamu, wengine wakawekeza kabisa.

Pesa yao unaiona. Ngome ya mwezini yenye umbo la swastika na vyombo vya anga vinakaa kama vya filamu yenye bajeti kubwa zaidi. Shida ni utani. Ule mmoja uliotuvuta unarudiwa hadi unachacha. Na nani angemwambia mwongozaji? Waliochanga walikuwa washaanza kucheka.

Sehemu ya pili ilitoka 2019. Mwaka uliofuata, kampuni iliyowauzia mashabiki hisa ikafilisika.

Sicheki mtu. Mimi pia nishawahi kuchangia filamu ya beshte yangu, na nilijua skripti ni mbovu. Nikanyamaza, nikatuma M-Pesa. Saa hii naona alihitaji maneno yangu kuliko ile pesa.