Mume na Macho ya Watu

Katika hadithi za kale za Ulaya mume huitwa mkuu wa nyumba. Kitabu cha Mjerumani Theodor Fontane, Effi Briest, kilichotoka mwaka 1895, chatupa sababu ya kuuliza: je, ukuu huo ni wake kweli?

Effi aposwa akiwa na miaka 17 na Innstetten, bwana wa miaka 38, aliyempenda zamani mama yake Effi. Baadaye mume avumbua barua za Crampas, aliyekuwa na mapenzi ya siri na mkewe. Miaka zaidi ya sita imekwisha kupita. Amwambia rafiki yake Wüllersdorf ya kwamba hana chuki, na mkewe ampenda bado. Lakini siri imekwisha kusikiwa na mtu wa pili, basi hana njia ya kurudi. Amwua Crampas kwa bastola, amwacha mkewe, na binti yao amzuia kwake.

Wako wamwitao katili. Sisi hatukubali. Katili hutenda apendavyo; huyu atenda asivyopenda. Charles, mume katika Madame Bovary ya Mfaransa Flaubert (1857), naye aliona barua za namna hiyo, mkewe akiwa amekufa, wala hakulipiza kisasi; na wasomaji wengi humdharau.

Innstetten apandishwa cheo, asione furaha. Hapo twapata jibu: mkuu wa nyumba alikuwa mtumwa wa macho ya watu.