Sifa kwa Walioizamisha Hyrule

Agosti 2000, kwenye maonyesho ya Nintendo ya Space World nchini Japani, watu walionyeshwa kipande kifupi cha video: Link, shujaa wa gemu za Zelda, anapambana kwa upanga na adui wake Ganondorf. Kilikuwa kionjo cha nguvu za mashine mpya, GameCube, na hakuna aliyeahidi kwamba gemu ijayo ya Zelda itakuwa na sura hiyo. Lakini moyo wa shabiki hausubiri ahadi. Waliolelewa na Ocarina of Time, gemu ya Zelda ya 1998, waliona pale kila walichokitamani: Link mtu mzima, uso mkavu, giza, panga zinazogongana. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho yaleyale, Nintendo ikaleta The Wind Waker. Link alikuwa kitoto kifupi, kichwa kikubwa, macho makubwa kama ya paka, kimechorwa kikatuni kuanzia nywele hadi viatu.

Kelele zikawa nyingi. Sijawahi kuwacheka waliozipiga. Aliyekuwa na miaka 10 Ocarina ilipotoka alikuwa amefika 14 au 15 wakati The Wind Waker inaingia Marekani na Ulaya mwaka 2003. Kijana wa umri huo anataka kuhesabiwa kati ya watu wazima, na mchezo alioupenda kuliko yote ukamjia na uso wa mtoto. Aliona amedharauliwa. Uchungu ule ulitokana na mapenzi, na sioni kwa nini tuuite ujinga.

Ninachotaka kukisifu ni ufundi wa Eiji Aonuma, aliyeiongoza gemu hiyo, na wenzake. Kubadilisha rangi ya nje ni kazi rahisi. Wao walibadilisha sura, kisha sura hiyo wakaipa kazi.

Tazama yale macho. Unaingia kwenye chumba ndani ya hekalu, mlango unajifunga nyuma yako, hujui uanzie wapi. Mwangalie Link. Macho yake yameshageukia mwenge usiowashwa kule kona, au adui aliye juu ya ukingo, kabla wewe hujamwona. Fundi amechukua kitu kilicholalamikiwa akakifanya kiongozi wa mchezaji. Uso uliochorwa kihalisia usingeweza kazi hiyo kwenye mashine ya wakati ule, maana kwa umbali wa kamera macho yangebaki nukta mbili. Au sikiliza mapigano: upanga unapompata adui, ala za muziki zinaitikia pigo kwa pigo, na pigo la mwisho linapata mlio mzito kuliko yote, kisha adui anapasuka kuwa moshi unaojisokota. Hata upepo una umbo. Ni mistari myeupe inayopita hewani na kujikunja, ukiiona tu unajua unavumia wapi.

Na gemu yote imesimama juu ya upepo huo. Hyrule, nchi ambayo wachezaji walikuwa wameizunguka kwa farasi tangu 1998, imefunikwa na maji. Vilele vya milima yake vimegeuka visiwa, na bahari imegawanywa miraba 49, saba kwa saba, kila mraba na kisiwa chake. Link anasafiri kwa mashua inayosema, King of Red Lions. Ukitaka kwenda mashariki na upepo unatoka huko, unatoa kijiti cha kuongozea muziki, unasukuma kile kijiti kidogo cha njano cha padi juu, kushoto, kulia, kwa mapigo matatu. Sauti za kwaya zinaitika, unachagua upande, upepo unageuka, unatweka tanga. Nahodha wa jahazi angeguna kwamba humu hakuna kupiga bishi: upepo ukiwa wa mbisho, mashua inajikokota tu, basi. Lakini angekubali jambo moja. Gemu hii inajua kwamba safari ya baharini ni muda, na muda huo imeuacha utupu kwa makusudi, uone shakwe juu yako na kisiwa kikiinuka taratibu kutoka kwenye ukungu.

Pale mashabiki walipokuwa na haki, wapewe haki yao. Karibu na mwisho unatumwa kutafuta vipande vinane vya hazina iitwayo Triforce, vilivyozama. Kila kipande kina ramani yake, na kila ramani lazima mhusika aitwaye Tingle aisome, naye anatoza rupia 398 kwa kila moja. Ni zaidi ya rupia 3,000, na ni kwenda na kurudi baharini huku hadithi imesimama. Aonuma mwenyewe ameshasema kwamba yapo mahekalu yaliyoondolewa kwenye gemu ile, na pengo lake unalihisi mikononi. Ufundi ninaousifu haukukamilika, na sina sababu ya kuficha hilo.

Kinachonirudisha kila mara ni ujasiri wa hadithi. Waandishi walijua watu wanaililia Hyrule ya zamani, wakawaweka ndani ya mchezo wahusika wawili wanaoililia vilevile. Ganondorf ameifuata nchi ile hadi chini ya bahari. Kwa uzee wake anasimulia jangwa alikozaliwa na namna alivyouonea wivu upepo wa Hyrule, na kwa mara ya kwanza katika mfululizo ule unamwonea huruma. Mfalme wa Hyrule naye hajaweza kuiacha. Mwishoni, nafasi ya kuomba lolote inapopatikana, mfalme haombi nchi yake irudi. Anaomba izamishwe moja kwa moja na watoto kama Link wapewe kesho yao, kisha anabaki nayo chini. Nchi watakayoipata, anawaambia, haitakuwa Hyrule. Sijui gemu nyingine iliyozungumza na mashabiki wake wenye huzuni kwa heshima kama hii, bila kuwabembeleza wala kuwakaripia.

Mwaka 2004, kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles, Nintendo ilitangaza Zelda yenye Link mtu mzima, ile iliyotoka 2006 kwa jina la Twilight Princess. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo, na Shigeru Miyamoto akapanda jukwaani na upanga na ngao. Ni gemu nzuri. Ila ukiitazama leo, kahawia na kijivu zake zinaonyesha umri, ilhali bahari ya The Wind Waker bado inang'aa, na Breath of the Wild ya 2017 ilipochagua rangi bapa na mwanga wa kuchorwa, watu walishangilia.

Mwaka 2013 Nintendo iliitoa upya The Wind Waker kwa mashine ya Wii U. Ramani za Tingle zilipunguzwa, na hapo nawashukuru. Pia waliongeza tanga jipya, unalinunua kwenye mnada: mashua inakwenda kasi zaidi na upepo unakufuata popote unapoelekea. Marafiki zangu wanalipenda. Mimi silinunui. Nataka kusimama katikati ya maji, nisukume juu, kushoto, kulia, nisikie kwaya ikiitika, na upepo ugeuke kwa sababu nimeuomba.