Bwana Msa Mbele ya Kamera

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina mzee wake, na mzee huyo ni Bwana Msa. Alizaliwa katika kalamu ya Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Unguja, ambaye hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 hadi 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyinginezo, hata Kosa la Bwana Msa lililotoka mwaka 1984. Vizazi vya wanafunzi vimemjua mtu huyu mwenye kiko, asiye askari wala hakimu, akifuatana na rafiki yake Najum. Si ajabu basi kwamba msomaji anapofunga kitabu hutamani kumwona Bwana Msa katika sinema. Lakini hapana budi kwanza tujiulize: akipelekwa huko, ni kitu gani hasa kisichofaa kupotea njiani?

Wengi watajibu upesi: kiko, kanzu, baraza na vichochoro vya Mji Mkongwe. Hayo yote ni mavazi tu, na mshonaji hodari atayapata. Uti wa mgongo wa hadithi hizi ni shindano baina ya hofu na akili. Tazama majina ya vitabu viwili vya kwanza: mzimu, na Giningi, ambayo katika masimulizi ya Unguja ni makao ya wachawi. Msomaji huingia akiwa na baridi mgongoni. Bwana Msa naye huingia na maswali ya kibinadamu: nani amenufaika, nani ni jamaa ya nani, nani amesema uongo na kwa sababu gani. Mwishoni huonekana kwamba mkono uliotenda uovu ni mkono wa mtu, na kwamba jina la mzimu lilikuwa shuka la kuufunikia.

Hapo ndipo penye hatari ya kamera. Katika kitabu, mzimu hukaa vinywani mwa watu. Mwandishi huandika kwamba fulani anaogopa, nasi twajua kuwa ni maneno ya fulani. Sinema haina wepesi huo. Kitu kikionyeshwa katika kiwambo, macho ya mtazamaji hukishuhudia, na aliyeshuhudia ni vigumu kumkanusha. Mtengeneza filamu akishawishika kuweka moshi, sauti za kutisha na kivuli kinachopita chenyewe kati ya miti, atakuwa amemwangusha Bwana Msa kabla hajawasha kiko chake. Hotuba yoyote ya busara mwishoni haitaweza kukifuta kivuli kile.

Je, njia nyingine ipo? Tuwatazame Wabengali wa India, ambao wana mpelelezi wanayempenda kama sisi tunavyompenda Bwana Msa. Huyo ni Feluda, aliyebuniwa na Satyajit Ray mwaka 1965 katika jarida la watoto, Sandesh. Ray alikuwa mwandishi na pia mtengeneza filamu, na mwaka 1974 alikitoa katika sinema kitabu chake Sonar Kella. Katika kitabu, wahalifu wamefichwa mpaka karibu na mwisho. Katika filamu, Ray aliwafichua mapema kabisa. Kwa kufanya hivyo alilibadilisha swali la watazamaji: badala ya kuuliza ni nani, waliuliza itakuwaje, na Feluda ataonaje kile ambacho sisi tumekwisha kukiona. Mwandishi aliivunja siri yake mwenyewe ili apate kuhifadhi kilicho kikubwa zaidi, yaani furaha ya kuitazama akili ikifanya kazi.

Fundisho hilo latufaa sana. Filamu ya Bwana Msa inaweza kuanza kwa kutuonyesha mtu wa kawaida, mwenye tamaa ya kawaida, akiutumia woga wa majirani zake. Tangu hapo kila mnong'ono wa mzimu tutausikia kwa masikio mapya, kwa kuwa twajua unamnufaisha nani. Siri itakuwa imepungua, lakini shindano baina ya hofu na akili litabaki zima, na pengine litakuwa kali zaidi.

Wala asiseme mtu kwamba Unguja ya zamani haiwezekani kurudishwa katika sinema. Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999, iliongozwa na Amil Shivji ikawa filamu mwaka 2021, na mwaka huo huo ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto. Unguja ya miaka ya 1950 ilionekana humo na Kiswahili chake kikasikika. Uwezo, basi, upo. Kinachotakiwa ni uamuzi wa nini kitangulizwe.

Pengine mtu atauliza hayo yawahusu nini wanafunzi wa Mabira, wilayani Kyerwa, mbali na bahari, katika migomba na mibuni. Yanawahusu kwa njia mbili. Kwanza, mwanafunzi anayezungumza Kinyambo nyumbani hukutana na dau, baraza na mkarafuu kwanza kama maneno ya kukariri. Filamu njema ingempa picha yake, na kitabu kingesomeka kwa wepesi. Pili, na hili ndilo zito, vita vya Bwana Msa havijakwisha. Mwaka 2024 mkoa wa Kagera ulilia kwa sababu ya kuuawa kwa mtoto mdogo mwenye ualbino. Nyuma ya mauaji ya namna hiyo huwapo mtu anayeuza imani na mtu anayeinunua. Filamu inayoionyesha nguvu ya ushirikina kuwa kweli, hata kwa ajili ya kuburudisha tu, humsaidia muuzaji huyo. Filamu inayomfuata Bwana Msa kwa uaminifu humwuliza: wewe unapata nini?

Mwalimu hana haja ya kuingojea sinema. Na awape wanafunzi wake sura moja ya Mzimu wa Watu wa Kale, awatake waigawe katika picha, na kila picha wajibu: hapa kamera imwonyeshe nani, na kitu gani isikionyeshe kabisa? Katika kulijibu swali hilo la pili watakuwa wamejifunza uhakiki. Na siku filamu itakapowafikia, wataitazama kwa jicho la Bwana Msa mwenyewe, jicho lisilotishwa na kivuli mpaka limemwona mwenye kivuli.