Imekaa Bila Grenda! Ekzosi Mpya ya Vitz kwa Mtazamo wa Kwanza

Jamani, imekaa! Matundu ya bolti yametazamana, mipira imeingia kwenye vyuma vyake, bomba limeruka ekseli ya nyuma bila kuigusa, na mkia umechomoza katikati kabisa ya kikato cha bampa. Hakuna aliyewasha grenda. Hakuna aliyetumwa kumwita mtu wa kuchomelea. Fundi wangu, mzee ambaye hashangazwi kirahisi na kitu chochote kipya, alirudi chini ya gari mara ya pili kwa kutazama tu, akatoka akijifuta mikono na kusema, "Hawa walipima gari, kijana wangu. Hawakupima picha."

Ninachokizungumzia ni kipande cha kati pamoja na sailensa ya nyuma kwa ajili ya Toyota Vitz ya toleo la pili, lile lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2005. Chasisi SCP90, injini 2SZ-FE ya cc 1,296. Gari la mtaani kabisa: la mwalimu, la muuguzi, la kijana wa teksi ya mtandaoni. Nani anaandika kwa furaha kuhusu ekzosi ya Vitz? Mimi! Kwa sababu kwa miaka tumezoea kwamba ekzosi mpya ya gari dogo ni bomba la kuanzia kazi, kisha fundi analikata, analipinda, analiunga, na ukitoka gereji una kitu kinachofanana na ekzosi kwa mbali.

Boksi halina jina la kutambia. Lina karatasi nyeupe pembeni, na kwenye karatasi hiyo wameandika chasisi, aina ya injini, na kwamba ni ya gari linalovutwa na magurudumu mawili ya mbele. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda kabla sijaifungua. Si "Vitz 2005 na kuendelea". Si "Toyota ndogo zote". Muuzaji anayekuuliza "Vitz ya kawaida, bosi?" anataka kukuuzia alichonacho, karatasi inayotaja SCP90 inataka kukuuzia unachohitaji.

Maana Vitz ni jina tu, na chini yake kuna magari kadhaa. Toleo hilohilo la 2005 lina KSP90 yenye injini ya silinda tatu ya cc 996, lina hii SCP90 ya silinda nne, lina NCP91 ya cc 1,496, na lina NCP95 inayovutwa na magurudumu yote manne. Hiyo ya mwisho ina propela shafti katikati na difu nyuma, kwa hiyo bomba lake limechongewa njia yake lenyewe. Kwa nje, ukiyapanga kwenye maegesho, mtu wa kawaida hatayatofautisha. Chini ya tumbo ni habari nyingine.

Na tofauti haiishii kwenye mikunjo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inapiga moshi mara 100 kwa sekunde. Ya silinda tatu, kwa mzunguko uleule, inapiga mara 75. Vyumba na vibomba vilivyomo ndani ya sailensa vimepangwa kumeza milio ya kiwango fulani, kwa hiyo ukitundika sanduku lililokusudiwa injini nyingine, gari litatembea vizuri tu, ila ukifika mwendo fulani barabara kuu unaanza kusikia mvumo mzito kichwani usioelewa unatoka wapi. Redio haiufuniki. Abiria wa nyuma anafungua dirisha, unazidi. Hii yangu? Kimya. Yaani ukiwa umeketi ndani na vioo vimepandishwa, unasikia kiyoyozi kuliko injini.

Nirudi kwenye vipimo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Vitz ya kwanza ya mwaka 1999, Platz na ist ya toleo la kwanza zote zina milimita 2,370 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Muuzaji anaijua hesabu hiyo na atakuapia kwamba "zinaingiliana". Lakini Platz ina buti, mkia wake ni mrefu, na sailensa ya gari lenye buti haina sababu ya kulingana na ya gari lisilo nalo. Funcargo, ndugu yao mwingine, ina 2,500. Vitz ya toleo la pili ina 2,460, na ya toleo la tatu ina 2,510. Sasa chukua bomba la Vitz ya 1999 ulifunge kwenye ya 2005: umepungukiwa sentimita 9. Sentimita 9 hizo ndizo zinazozaa kile kiraka cha bomba la maji kinachoonekana chini ya magari mengi mjini, kimechomelewa pande mbili, kimeshaanza kutoboka.

Haya, kiungo cha mbele. Shikeni roho! Wameweka flenji yenye kikombe cha kupokea gasketi ya duara, pamoja na bolti mbili zenye springi. Mnaelewa maana yake? Injini ya Vitz imelala kwa upana wa gari, hivyo kila ukikanyaga resi inacheza mbele na nyuma kwenye mikono yake. Ekzosi imening'inia kwenye bodi, ambayo haichezi hivyo. Lazima pawepo mahali pa kupindia, na mahali penyewe ni pale kwenye springi. Fundi wa haraka akiona kiungo kinapumua, anakizungushia moto na kukifunga kwa chuma moja kwa moja. Mlio unakoma siku hiyohiyo, mwenye gari anashukuru, na baada ya muda nyufa zinatokea mbele zaidi, kwenye manifoldi, ambako bei yake ni ya kukaa chini kwanza.

Kuna joto pia. Bomba la chuma la mita mbili likipanda nyuzi 200 linarefuka karibu milimita 5. Likiwa la chuma kisichoshika kutu aina ya 304, karibu 7. Linarefuka kila safari na kurudi kila likipoa. Ndiyo maana mipira ya kuning'inizia ni mipira na si waya, na ndiyo maana nilifurahi kama mtoto kuona vyuma vya kushikia mipira hapa vimeelekezwa sawasawa, hakuna mpira uliovutwa upande. Jaribu kuusukuma mpira kwa kidole gari likiwa baridi: ukiwa umekaza kama uzi wa gambusi, ekzosi hiyo imelazimishwa.

Kipenyo wamekiacha kama cha kiwandani, milimita arobaini na ushei. Asanteni! Najua kuna vijana watakaonuna, wale wa bomba la inchi mbili na nusu na mdomo kama wa pipa. Kwa injini ya cc 1,300 bomba pana hivyo linapunguza kasi ya moshi kwenye mizunguko ya chini, na mizunguko ya chini ndiyo maisha yote ya Vitz: foleni, kilima, tuta, foleni tena. Unapata kelele na unapoteza mvuto. Anayetaka mlio wa heshima aitafutie Vitz RS yake sailensa ya Kijapani kutoka kwa Fujitsubo au HKS, walioipima hiyo RS, mradi chasisi ilingane.

Nikapitisha sumaku. Ilishika, na mshono wa sanduku una rangi ya fedha iliyofifia: nadhani ni chuma kilichopakwa alumini au aina ya 409. Ile 304 yenye nikeli sumaku huikataa au huigusa tu. Je, nasikitika si 304? Hapana. Kwa gari hili na bei hii, chuma cha namna hii kinatosha, ilimradi mishono iwe mizima.

Adui mkubwa wa sailensa yuko ndani. Kila lita ya petroli inayoungua inazaa karibu lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Safari ndefu inayakausha. Safari za kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi zinayaacha yamelala kwenye tumbo la sailensa, yakiwa na tindikali kidogo, yakila taratibu. Watengenezaji wenye akili huacha kitobo kidogo sehemu ya chini ili maji yatoke. Hii inacho! Nami namwomba kila fundi anayenisoma: kitobo hicho si ugonjwa, usikichomelee. Kwa wenzetu wa Tanga, Mombasa na Unguja, ongezeni chumvi ya hewani, mtaona kwa nini sailensa zenu huoza mapema.

Linganisha na mtumba wa Japani, ambao bado nauheshimu, maana sailensa halisi ya kiwandani hata ikiwa imetumika inakaa mahali pake. Shida ni kwamba sehemu za kaskazini mwa Japani, Hokkaido ikiwemo, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kwa hiyo ukienda kuchagua Gerezani, Dar es Salaam, puuza rangi nyeusi mpya iliyopulizwa juu. Gonga mshono wa sanduku kwa bisibisi. Tazama flenji zimebaki unene gani. Litikise: kikilia kitu ndani, kuta za vyumba zimeachia.

Kasoro? Zipo. Nati walizotia kwenye boksi ni za kawaida, zitashikamana na kutu. Tulizitupa tukaweka zilizopakwa shaba. Mshono wa chuma kimoja cha kuning'inizia umefanywa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Na kwenye mkia wamevalisha kipande cha kung'aa ambacho hakuna aliyekiomba.

Jaribio nililokuwa naliogopa ni la matuta. Gari likiwa juu ya lifti magurudumu yananing'inia, ekseli iko chini, na nafasi yote unayoiona kati ya ekseli na bomba ni ya uongo. Basi tukalishusha, tukapakia watu wazima wanne wasio wembamba, tukapita matuta ya mtaani bila huruma. Hakuna kugonga! Hata mara moja! Tulipotazama chini, hapakuwa na alama yoyote ya kusuguana. Kisha, injini ilipopoa na kuwashwa tena, fundi akaziba mkia kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, mimi nikisikiliza kila kiungo. Hakuna sauti ya kupumua.

Hilo la kupumua si suala la kelele tu. Moshi unatoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo kiungo kilicholegea kinavuta hewa ya nje. Kikiwa mbele ya sensa ya oksijeni, sensa inadhani injini inakosa petroli, kompyuta inaongeza, na wewe unamlaumu mwenye kituo cha mafuta. Tena mkia ukikomea chini ya buti badala ya kutokeza nje ya bampa, moshi unaweza kurudi ndani ukiwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu. Mkia wa hii unatokeza vizuri.

Na masega ya kusafishia moshi, yaani katalisti? Hayaguswi kabisa, kazi yote inafanyika nyuma yake. Fundi akikwambia ni lazima ayatoe ili ekzosi mpya ikae, muulize kwanza anamuuzia nani, maana mna platinamu na paladiamu humo.

Nimeitazama mara ya kwanza tu, kutu itasema mengine. Lakini kwa ukaaji, naipa alama zote. Kama una SCP90, inunue. Kama una KSP90 au NCP95, usiichukue hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Nenda dukani na kadi ya gari yenye namba ya chasisi, ibebe na sailensa yako ya zamani uilaze sakafuni kando ya mpya, mlinganishe flenji, mikunjo na vyuma vya mipira, na hiyo kuukuu usiiuze kwa mnunuzi wa chuma chakavu mpaka mpya iwe imefungwa na gari limepita tuta likiwa limejaa watu.