Heko, Wavuvi wa Watamu

Kasa akinasa wavuni huko Watamu, pwani ya Kenya, mvuvi hashiki kisu, anashika simu. Anapiga kwa Local Ocean, shirika la uhifadhi wa bahari lililoanza kazi hapo mwaka 1997, na gari linafuata. Kobe huyo wa bahari hupimwa gamba, hukaguliwa vidonda, huvishwa kibamba chenye namba kwenye pezi la mbele, kisha hurudishwa majini. Mgonjwa hupelekwa kliniki. Mvuvi hupewa kitu kidogo cha kufidia muda na usumbufu. Si bei ya kasa, na ni vizuri iwe hivyo.

Sheria ipo, tena kali: ile ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inamlinda kasa na mayai yake. Lakini askari gani atakesha kwenye kila dau? Nyama ya kasa ililiwa tangu enzi za mababu, na anayeiacha leo huenda nyumbani hana kitoweo. Ndiyo maana pongezi zangu nawapa wavuvi kwanza, mahakama baadaye. Nawe ukiuziwa nyama ya kasa au mafuta yake, usinunue; toa taarifa.