Ruzuku za Uchunguzi na Mwaka wa Mkulima wa Ntuzu

Mwalimu wa chuo kikuu anayefundisha lugha, historia au fasihi hana maabara. Chombo chake cha kazi ni wakati. Kwa hiyo mpango wa ruzuku ulioanzishwa mwaka 2008 na Baraza la Vyama vya Kitaaluma la Marekani, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York, ulistahili shukrani katika Tanzania, Uganda, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini. Ulimpa mwalimu chipukizi mwaka mmoja bila kufundisha, amalize tasnifu au kitabu chake. Mpango huo sasa umekwisha, nao wafaa kupimwa. Kipimo kimoja ni nchi ya Ntuzu, yaani Bariadi na viunga vyake, katika Mkoa wa Simiyu uliomegwa Shinyanga mwaka 2012.

Wasukuma wa huko wana nyimbo za namna nyingi, na mbili hazina budi kutofautishwa. Ziko za mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, vyama vinavyojinasibisha na mahasimu wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Hizo hunoga wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ndani. Ziko pia nyimbo za jembe, ziimbwazo na vikundi vya walimaji shambani mvua zikishika, kuanzia Novemba hivi. Sasa itazamwe kalenda ya chuo: masomo aghalabu huanza Oktoba au Novemba, yakaisha Julai. Mwalimu asiye na ruzuku hufika Bariadi mwezi Agosti, akaona vumbi la ngoma, akarudi akidhani amezisikia nyimbo za Wasukuma. Za jembe huimbiwa kwa kuomba, waimbaji wameketi kivulini mikono mitupu. Wimbo wa namna hiyo una maneno yake yote, lakini pigo la jembe lililouongoza halimo, na mchunguzi wa mizani atahesabu silabi hewani.

Hapa ndipo mwaka mzima wa ruzuku ungekuwa na thamani kupita fedha zake. Walakini mpango ule ulielekea mezani kuliko shambani. Ulikusudiwa kumaliza maandishi, na ulimfungulia mwalimu nafasi ya kukaa kwa muda katika taasisi nyingine barani. Utulivu wa maktaba ni neema, hasa kwa mtu aliyezoea kusahihisha mitihani mamia kwa mamia. Lakini anayeingia humo bila nyimbo mkononi atasoma zilizokusanywa na wengine. Hao wengine ni nani? Hans Cory, aliyelipwa na serikali ya kikoloni, aliandika sheria na desturi za Wasukuma kwa Kiingereza mwaka 1953. Frank Gunderson, Mmarekani, alitoa mkusanyo mkubwa wa nyimbo za kazi uliochapishwa Leiden mwaka 2010. Ni kazi ya heshima, iliyotokana na kukaa na walimaji wenyewe.

Na lugha ya matokeo je? Kisukuma kinayo sifa ya kupendeza: majina ya lahaja zake hujieleza yenyewe, kwani kiambishi ni ki- katika Kimunasukuma ya magharibi, gi- katika Gimunantuzu, na ji- katika Jinakiiya. Mwalimu wa sekondari ya Bariadi angeweza kuanzia hapo somo zima la sarufi. Lakini Herman Batibo, Msukuma mwenyewe, alichapisha uchambuzi wake wa sauti na maumbo ya Kisukuma jijini Paris mwaka 1985, kwa Kifaransa. Lawama si yake. Aliandika kwa lugha ya waliomfundisha na waliomtahini. Mpango wa mwaka 2008 ungaliweza kuuvunja mwendo huo, lakini vitabu vya mfululizo wake vilitoka kwa Kiingereza.

Mfadhili ajaye aanze kuhesabu mwaka wake mvua za kwanza zinaponyesha. Tena, kabla ya kutoa malipo ya mwisho, adai nakala ya matini kwa Kisukuma na Kiswahili ikabidhiwe shule za Bariadi. Gharama yake haitafikia nauli ya mkutano mmoja wa ng'ambo.