Kundi la Kweli na Kundi la Bahati

Tone moja la damu lina mamia ya maelfu ya seli nyeupe. Ndani ya mashine iitwayo saitometa seli hizo hupangwa foleni na kupita moja moja mbele ya mwanga wa leza, na kila moja huacha nyuma tarakimu zake: ukubwa wake, chembechembe zilizomo ndani yake, na mng'ao wa kila rangi iliyobebwa na kingamwili zilizoishika. Tarakimu zikiwa mbili, kila seli ni nukta kwenye grafu, na mtaalamu wa maabara huchora mpaka kuzunguka wingu la nukta analolitambua. Kwa mtindo huo, seli za CD4 zimehesabiwa kwa miaka mingi, na mgonjwa wa VVU mwenye chini ya 200 katika mikrolita moja ya damu akajulikana kuwa yuko hatarini.

Hiyo ni kazi ya jicho na mkono, na inastahili heshima. Lakini alama zinazopimwa kwa kila seli zikifika 20, grafu za alama mbili mbili zinakuwa 190. Hakuna jicho linaloweza kuzimaliza zote bila kuchoka, na wataalamu wawili wazuri wanaweza kuchora mipaka miwili tofauti kwenye wingu lile lile.

Ndipo programu zilipoingia. SPADE ilitangazwa mwaka 2011. FlowSOM na PhenoGraph zikafuata mwaka 2015. PhenoGraph huitafutia kila seli majirani zake wa karibu katika vipimo vyote kwa pamoja, ikawaunganisha kuwa mtandao, kisha ikaukata mtandao pale viungo vinapokuwa haba. FlowSOM hutumia ramani inayojipanga yenyewe, wazo la Mfini Teuvo Kohonen, halafu huunganisha vituo vya ramani vinavyofanana. Katika shindano la FlowCAP, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, programu kadhaa zilikaribia sana mipaka ya wataalamu, na majibu ya programu nyingi yakichanganywa yalishinda jibu la programu moja.

Je, kundi lililoonekana ni kundi kweli, au ni nukta zilizokutana kwa bahati? Swali hilo wilaya ya West Nile nchini Uganda ililijua kabla ya mashine hizi.

Huko, kusini mwa mji wa Arua, iko hospitali ya misheni ya Kuluva. Daktari wake, Ted Williams, alifuatana na daktari wa upasuaji Denis Burkitt mwaka 1961 katika safari ndefu ya gari kuusaka ule uvimbe wa mataya ya watoto ambao Burkitt alikuwa ameueleza mwaka 1958. Kuluva ikatunza kumbukumbu za wagonjwa wa wilaya nzima, ambayo wakati huo ilijumuisha Koboko. Mwaka 1967, Malcolm Pike, Williams na mwenzao Wright walichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa 1961 hadi 1965. Walichukua kila jozi ya watoto na kuuliza mambo mawili: nyumba zao zilikuwa mbali kiasi gani, na uvimbe ulianza kwa kupishana siku ngapi. Jozi zilizokaribiana kwa mahali na kwa wakati zilizidi zile ambazo bahati peke yake ingezileta. Hesabu yote ilitegemea kijiji kilichoandikwa sawasawa na tarehe ambayo mzazi aliulizwa kwa subira. Ufundi ulianzia hapo, kwenye daftari, kabla ya hesabu yenyewe.

Ugonjwa huo huo, ambao sasa huitwa limfoma ya Burkitt, unaonyesha thamani ya kutazama bila mipaka iliyorithiwa. Desturi ya kutafuta seli wauaji wa asili, zile zinazoitwa NK, ni kuanza na alama ya CD56. Seli isiyo na alama hiyo huachwa nje ya mpaka. Hata hivyo, watafiti waliochunguza watoto wa magharibi mwa Kenya, penye malaria nyingi, walikuta kwa wenye limfoma ya Burkitt wingi wa seli za NK zisizo na CD56 ila zenye CD16. Anayechora mpaka kwa mazoea angezikosa. Programu inayopanga seli kwa alama zote haina mazoea hayo.

Lakini programu nayo ina udhaifu wake. Ikiambiwa itoe makundi kumi, itatoa kumi, hata kama seli adimu zitamezwa na kundi kubwa. Fundi mwenye uzoefu huomba makundi mengi kupita mahitaji, kisha huyaunganisha moja moja akiwa na sababu.

Tuseme kundi jipya limetokea kwa watoto wa Koboko tu, si wa Arua. Programu italionyesha kwa rangi nzuri. Fundi ataanza kuuliza kuhusu barabara: damu ya Koboko ilichukua saa ngapi kufika kwenye mashine, na ilikaa kwenye joto gani? Seli zinazokufa hunasa kingamwili ovyo na kujifanya kundi. Kwa hiyo ataangalia rangi inayozibainisha seli zilizokufa, ataondoa seli zilizopita mbili mbili zimeshikana, atapima tena damu ya mtu mzima mwenye afya iliyosafirishwa katika sanduku lile lile. Kundi likibaki baada ya hayo yote, ndipo atalipa jina.